Binti Mfalme Aliyebatizwa Zandra

Kama ulitazama Nausicaä of the Valley of the Wind kwa Kiingereza, yaelekea ulisikia sauti za mwaka 2005: Alison Lohman akiwa Nausicaä, Patrick Stewart akiwa Bwana Yupa, Uma Thurman akiwa Kushana, yule mwenye mkono wa chuma. Mimi nilianza na hizo, nimelala kitandani, muhula ule nilioacha chuo na sijamwambia mamangu. Sikujua kulikuwa na Kiingereza kingine kabla yake.

Hayao Miyazaki aliitoa filamu Japani mwaka 1984. Mwaka uliofuata New World Pictures wakaiingiza Marekani kwa jina Warriors of the Wind, imekatwa zaidi ya dakika 20. Nausicaä akawa Binti Mfalme Zandra. Jameni, Zandra! Bango likachorwa wanaume ambao hata hawamo kwenye sinema. Na Ohmu, wale wadudu wakubwa kama nyumba, wakageuzwa maadui wa kawaida tu. Waliotia sauti hawakutajwa majina, wala hawakuelezwa hadithi inahusu nini.

Hapo nikaweka simu chini. Mwaka jana kuna watu walinitumia mistari kama 400 ya katuni niiweke kwa Kiswahili, bila picha hata moja. Mstari mmoja ulisema kuna kitu kinakaribia. Kiingereza hakikulazimishi kuchagua. Kiswahili kinakubana: anakuja, ama linakuja? Nikaandika "linakuja". Kumbe alikuwa mtoto wa joka, anatafuta mamake.

Na hadithi yote ya Nausicaä imesimama papo hapo. Wengine wanaona dude linakuja. Yeye peke yake anaona kiumbe anakuja, tena ana uchungu.

Sisi tumelelewa na DJ Afro, kwa hivyo kuongeza chumvi hakunitishi. Lakini DJ Afro hajifichi. Unajua ni yeye anaongea.

Miyazaki hakusahau. Miramax walipochukua Princess Mononoke, mtayarishaji wake alimpelekea Harvey Weinstein upanga wa Kijapani, na ujumbe mfupi: msikate. Hawakukata. Mwaka 1999 ilitoka nzima, maneno ya Kiingereza yakiandikwa na Neil Gaiman, Claire Danes akiwa San, Gillian Anderson akiwa Moro, mama mbwa mwitu.

Mimi sina upanga. Niliwaandikia wale watu wabadilishe neno moja tu. Wakajibu ati sauti zishawekwa.