Haki za Binadamu: Binadamu Yupi?

Wahenga walisema: Mgala muue na haki yake mpe. Kila nikiisikia methali hiyo hujiuliza, haki gani apewe aliyekwisha uawa? Lakini ndivyo matangazo makubwa ya haki yalivyoanza, mkono mmoja ukitoa na mwingine ukinyang'anya.

Mwaka 1689 John Locke wa Uingereza alichapisha hoja kwamba binadamu huzaliwa huru, na kwamba serikali hutawala kwa ridhaa ya watu. Bwana huyo huyo aliwahi kuwa na hisa katika kampuni iliyouza watumwa kutoka Afrika Magharibi. Mwaka 1776 Thomas Jefferson alitumia mawazo ya namna hiyo kuandika Tangazo la Uhuru la Marekani. Katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600.

Agosti 1789 Bunge la Ufaransa nalo likatangaza kuwa watu huzaliwa huru na sawa. Mama mmoja, Olympe de Gouges, akauliza: na wanawake je? Akaandika tangazo lao mwaka 1791. Mwaka 1793 alikatwa kichwa kwa maandishi yake ya siasa. Huko Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lenye watumwa wapatao nusu milioni, watu hawakuuliza. Agosti 1791 waliasi. Ufaransa ikafuta utumwa mwaka 1794, Napoleon akaurejesha mwaka 1802, nao wakapigana tena hadi Haiti ikawa huru tarehe 1 Januari, 1804.

Hata Tangazo la Umoja wa Mataifa lilihitaji kusukumwa. Rasimu ya Kiingereza ilitumia neno lenye maana pia ya wanaume. Hansa Mehta, mama wa Kihindi, alishikilia libadilishwe hadi likasomeka binadamu wote. Tarehe 10 Desemba, 1948, mjini Paris, nchi 48 zililikubali. Nane hazikuunga mkono wala kupinga, mojawapo Afrika Kusini ya makaburu. Sisi wa Tanganyika na Kenya hatukuwa na kiti, tulikuwa chini ya utawala wa kikoloni.

Wapo wakubwa ambao, wakiulizwa habari za watu waliowekwa kizuizini bila kushtakiwa, hujibu kwamba haki za binadamu ni mambo ya Wazungu. Mimi nawaomba wanitajie Mzungu aliyempa Mhaiti uhuru wake. Wenye vitabu waliandika neno "wote". Walioachwa nje ndio waliolidai litimizwe, na wengine walilipa kwa shingo zao.