Kutoka paa la udongo hadi marini bodi

Nyumba ya zamani ya Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, ungeweza kuikanyaga bila kujua. Ilichimbwa ubavuni mwa kilima, ikaezekwa kwa magogo na fito, kisha ikafunikwa udongo hadi paa likalingana na ardhi ya nyuma. Wazee husimulia kuwa ilificha watu na ng'ombe wasionwe na Wamaasai waliokuja kuteka mifugo. Fundi wa leo angetazama uzito kwanza. Udongo ule, hasa ukilowa, haubebwi na papi, zile mbao nyembamba za paa. Unataka nguzo nene, tena za mti usioliwa na mchwa.

Miti ya namna hiyo ipo karibu na mji wa Karatu, katika msitu unaozunguka kingo za Ngorongoro kuelekea Oldeani. Lakini Wajerumani waliutenga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na tangu 1959 uko ndani ya mamlaka ya hifadhi. Hesabu yake si ngumu: gogo huuzwa mara moja, ilhali ukungu unaonaswa na msitu ule hushuka kuwa chemchemi za Karatu mwaka hadi mwaka. Ajabu ni kwamba huku chini ya kingo hizo Waingereza walifyeka vichaka ili kufukuza mbung'o na kupata ardhi ya kulima. Juu mti ulilindwa, chini ulikuwa adui.

Kisha bati likachukua nafasi ya udongo paani, likabadilisha kila kitu. Ni jepesi, halihitaji gogo. Linahitaji mbao iliyonyooka. Hapo ndipo mgrevilea ulipopata thamani mpya. Mti huu wa Australia ulipandwa mashambani kuipa mibuni kivuli, ukasambaa hadi mipakani mwa viunga vya wakulima wadogo, na leo unapasuliwa kuwa kenchi. Mbao za paini nazo husafiri kwa lori kutoka Mafinga, jirani na shamba la serikali la Sao Hill.

Mwaka 2021 Zanzibar ilisikia mpango wa mnara wa ghorofa 28 huko Fumba, sehemu kubwa ukiwa wa mbao zilizounganishwa kwa gundi. Karatu mjini mbao za kiwandani zina kazi nyingine: marini bodi, yaani plaiwudi ngumu, ni kalibu ya zege tu, ikishikiliwa na mirunda ya mkaratusi. Zege likikauka, fundi huing'oa, huipeleka saiti nyingine, na ikishachakaa huishia kuwa banda la kuku.