Kuunganisha na Kupachika: Historia Fupi ya Hati za Kompyuta

Hati ya mtaalamu ni nadra kuwa maneno matupu. Aghalabu mna majedwali, michoro na hesabu. Katika kompyuta kila kimoja huweza kuwa na programu yake, na jinsi vilivyokuja kukaa pamoja katika hati moja ni habari yenye mafunzo.

Mwaka 1990 kampuni ya Microsoft ilitoa utaratibu uitwao OLE, wa kuunganisha na kupachika vitu. Maneno haya mawili hayana maana moja, na kuyachanganya huleta taabu nyingi. Kitu kilichounganishwa hakimo katika hati. Kilichomo ni anwani ya faili lake, pamoja na picha yake ya mwisho. Faili likihamishwa au likibadilishwa jina, kiungo hukatika, na pengine msomaji huzisadiki tarakimu zilizokwisha kupitwa na wakati. Kitu kilichopachikwa kimo chote ndani ya hati. Huizidishia hati ukubwa, wala hakifuati mabadiliko ya faili kilikotoka, na ili kukihariri hapana budi iwepo programu inayokifahamu.

Mwaka 1993 ilitoka OLE ya pili, iliyomwezesha mwandishi kuhariri jedwali papo hapo pasipo kuiacha hati yake. Hata hivyo, utegemezi ule haukuondoka. Ushahidi ni Equation Editor, programu ndogo ya kuandikia hesabu iliyokuwa ndani ya Office. Mnamo Novemba 2017 ilitangazwa kuwa na kasoro ya usalama, na Januari 2018 ikaondolewa. Hesabu zilizoandikwa kwayo zilibaki kuonekana katika hati, lakini hazikuweza tena kuhaririwa kwa programu ile. Picha ilibaki, chombo kilichoiumba kilikuwa kimetoweka.

Kwa hiyo atafutaye kosa yampasa aanze na swali moja: kitu hiki kimeunganishwa au kimepachikwa? Ikiwa kimeunganishwa, na alitafute faili na kuielekeza hati upya kwalo. Ikiwa kimepachikwa, na aitafute programu. Nayo hati inayowekwa maktabani yafaa ifuatane na mafaili yake ya asili, yakiwa katika umbo lisilotegemea programu moja tu. Pasipo hivyo, watafiti wa kesho watarithi sura ya jedwali, wala si jedwali lenyewe.