Laptopu yako inatumia Linux? Soma haya kabla ya kununua ruta

Baadhi ya laptopu za mitumba huwekewa Linux, hasa Ubuntu, kwa kuwa hailipiwi na huenda vizuri hata kwenye mashine ya zamani. Ukiambiwa dukani kwamba inahitaji ruta maalumu ya bei ya juu, usikubali. Ruta haijali laptopu inatumia mfumo gani. Mipangilio yake hufanywa kwenye kivinjari, kwa anwani iliyobandikwa chini yake, kama 192.168.1.1. CD ikiwemo kwenye boksi, mara nyingi ni ya Windows, iache.

Shida, ikiwepo, huwa kwenye kadi ya waifai iliyo ndani ya laptopu. Kadi za Intel na Atheros kwa kawaida hufanya kazi zenyewe, lakini baadhi za Broadcom huhitaji kuongezewa draiva. Kwa hiyo jaribu kwanza bila kutoa pesa: washa hotspot ya simu na uunganishe laptopu. Ikishika, ruta yoyote ya 2.4 GHz itakufaa. (Laptopu za zamani mara nyingi hazioni 5 GHz.) Isiposhika, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, ruhusu simu igawe intaneti kwa njia hiyo, kisha pakua draiva.

Je, unahitaji ruta kweli? Kwa laptopu moja, hotspot inatosha. Pesa hiyo nunulia bando. Ruta ina maana pale mwenye simu anapoondoka nayo na watoto wanabaki na masomo.

Pasipo na waya wa intaneti, chagua ruta ya 4G inayotumia laini ya simu, isiyofungwa kwa mtandao mmoja. Kabla ya kulipa, tumia simu kujua ni mtandao gani unaoshika vizuri ndani ya nyumba yako. Kama unategemea sola, ndogo yenye betri yake, inayochajiwa kwa USB, ndiyo nafuu. Ruta ya volti 12 usiiunganishe moja kwa moja na betri ya sola: wakati wa kuchaji, volti hupanda kupita 14 na inaweza kuungua. Weka kidhibiti volti katikati.

Ukishaiwasha, badilisha nywila, uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3. Kisha, kwenye mipangilio ya mtandao ya Ubuntu, weka alama kwamba mtandao huu una kikomo cha data. Usipofanya hivyo, masasisho yatajipakua yenyewe na bando la wiki linaweza kuisha kwa usiku mmoja.