Mwezi wa Kwanza Bila Pombe: Namna ya Kumpata Mwenzako Aliyetangulia Kuacha

Sifa zote njema anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake, Swahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Makala hii tumemwandikia ndugu yetu aliyeamua kuacha pombe, pamoja na watu wa nyumbani kwake. Ulevi umo visiwani mwetu, na familia nyingi huona haya kuutaja. Matokeo yake, mtu akiamua kuacha hufungiwa chumbani apambane peke yake, akawa hana hata mmoja wa kumwambia jinsi usiku ulivyokuwa mrefu. Wengi wa hawa hurudi kunywa kabla mwezi mwengine haujaandama. Tunachotaka kukibainisha hapa ni kuwa dini yetu haikumtaka mtu huyu abaki peke yake, na kwamba kumtafuta mwenzake aliyepita njia hiyo hiyo kunaruhusiwa na kunahimizwa.

Hukumu kwa ufupi

Uharamu wa pombe umethibiti katika Qur-aan, Suratul-Maaidah, aya ya 90 na 91. Hukumu hiyo inakusanya kila kinacholevya, iwe bia, gongo au tembo lililochacha. Baadhi ya watu husema: "Uharamu ulikuja kidogo kidogo, basi na mimi nitaacha kidogo kidogo." Hoja hii haifai. Ni kweli kwamba zilitangulia aya ya 219 ya Suratul-Baqarah na ya 43 ya Suratun-Nisaa, lakini amri ya mwisho imeshashuka na hukumu imetulia.

Linalofaa kuzingatiwa ni namna Swahaba walivyoacha. Anas bin Maalik (Radhiya Allaahu 'anhu) amesimulia kuwa alikuwa akiwamiminia watu kinywaji nyumbani kwa Abu Twalha pale mwenye kunadi alipotangaza uharamu. Abu Twalha akamuamuru atoke akaimwage, na pombe ikatiririka katika njia za Madina. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Waliokuwa wakinywa pamoja waliacha pamoja, siku moja, na hakuna aliyebaki na kijiwe cha kumrudisha. Ndugu yetu wa leo anaacha peke yake huku maskani yake ya zamani ipo pale pale. Kwa hiyo anahitaji kutafutiwa watu wapya wa kukaa nao.

Kwanza afya: kuacha ghafla kunaweza kuua

Hili tunalitanguliza kwa sababu wengi hawalijui. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, kwa miezi au miaka, mwili wake huwa umeizoea pombe. Akiikata ghafla, dalili huanza baina ya saa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho: mikono kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupatwa na degedege. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona na kusikia visivyokuwepo, na homa ikapanda. Hali hii ya mwisho huua mtu asipotibiwa.

Msidhani ni shetani wala msimfunge kamba. Mpelekeni hospitali. Kwa Unguja ipo Hospitali ya Mnazi Mmoja, na Hospitali ya Kidongo Chekundu inayohudumia maradhi ya akili. Kwa Pemba anzieni hospitali iliyo karibu, Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee, Mkoani. Daktari atampa dawa za kutuliza kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1. Kisomo na dua visiachwe, lakini visichukue nafasi ya hospitali. Akishikwa na degedege nyumbani, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie kitu mdomoni, na tafuteni usafiri mara moja.

Aliyewahi kupata degedege siku za nyuma, au anayetetemeka asubuhi mpaka anywe, asijaribu kuacha bila ya kuonana na daktari. Hatusemi aendelee kunywa. Tunasema aende hospitali siku hiyo hiyo aliyonuia tawba.

Jambo hili lina uzito zaidi mwishoni mwa Shaabani. Wapo wanaokunywa mpaka siku ya vunja jungu, kisha wakaacha pombe na kuanza kufunga kwa pamoja, mwili ukakosa pombe na maji kwa wakati mmoja. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyengine, kama ilivyo katika Suratul-Baqarah, aya ya 184 na 185. Daktari akimwambia asifunge siku hizo, afuate.

Je, kumwambia mtu kuwa nilikuwa mlevi ni kufichua dhambi?

Hili ndilo swali linalowazuia wengi. Wanaijua hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, ya Abu Hurayra (Radhiya Allaahu 'anhu), yenye kuwaonya wanaodhihirisha maasi: mtu hutenda jambo usiku, Allaah akamsitiri, kisha asubuhi yeye mwenyewe akaenda kulitangaza. Basi huogopa kwamba akikaa na wenzake na kusema "nilikuwa nakunywa" atakuwa miongoni mwa hao.

Wanazuoni wamelipambanua hili. Imamu An-Nawawiy ameeleza katika kitabu chake Al-Adhkaar kuwa ni karaha mtu kuhadithia maasi yake, ila akimwambia shekhe wake au mtu mwengine ambaye anataraji atamwonyesha njia ya kutoka, hapo hapana ubaya. Makatazo yanamhusu anayesimulia kwa kujifakhari au kwa kutojali. Anayesema ili asaidiwe hali yake ni kama ya mgonjwa anayemfunulia tabibu jeraha.

Mipaka ya kuchungwa ni hii:

1. Aseme kadiri ya haja. "Jana jioni nilishikwa na hamu kubwa nilipopita pale pa zamani" inatosha. Hakuna haja ya visa vya kuchekesha vya siku za ulevi.
2. Asimtaje mtu mwengine aliyekuwa akinywa naye. Huko ni kusengenya.
3. Anayeambiwa aitunze amana. Kisiwa ni kidogo na neno hufika Mkoani kabla ya boti. Asiyeweza kuziba mdomo hafai kazi hii.
4. Mwanamume atafute mwanamume mwenzake na mwanamke atafute mwanamke. Wapo dada zetu wenye mtihani huu, na haya yao ni kubwa zaidi, wasisahauliwe.

Nani anafaa, na apatikane wapi

Katika hadithi ya yule aliyeua watu 99, iliyopokewa na Abu Sa'iyd Al-Khudriy (Radhiya Allaahu 'anhu) katika Bukhari na Muslim, mwanachuoni alimwambia kuwa mlango wa tawba uko wazi, kisha akamtaka ahame mji wake aende kwa watu wanaomwabudu Allaah, aabudu pamoja nao. Tazama kuwa hakuambiwa akatubu peke yake. Alipewa mahali pa kwenda na watu wa kukaa nao.

Mtu bora wa kuwa naye mwezi wa kwanza ni yule aliyekuwa mnywaji, akaacha, na akadumu katika hali hiyo muda wa kutosha, mwaka au zaidi. Huyu anazijua hila za nafsi na hashangai akiambiwa ukweli. Wawili walioacha jana wanaweza kuliwazana, lakini wasitegemeane peke yao, kwani mmoja akiteleza humvuta mwenzake.

Mahali pa kuanzia:

*Imamu wa msikiti au mwalimu wa darsa.* Si lazima yeye mwenyewe awe aliwahi kunywa. Mara nyingi anamjua aliyetubu, na anaweza kuwakutanisha kwa siri baada ya kuomba ruhusa ya kila mmoja.

*Nyumba za upataji nafuu*, ambazo wengi huziita soba. Zipo Unguja na Pemba, na ingawa nyingi zilianzishwa kwa ajili ya walioathirika na dawa za kulevya, pombe nayo ni kilevi na hatua za kuacha zinafanana. Walioacha ndio wanaowaongoza wanaoanza. Hata asiyelala huko anaweza kuuliza kama kuna vikao vya wazi au mtu wa kuzungumza naye.

*Hospitali.* Wahudumu wa afya ya akili huwafahamu waliopata nafuu na walio tayari kusaidia wengine.

Hujitokeza swali kuhusu vikao vya "hatua kumi na mbili". Utaratibu huu ulianza Marekani mwaka 1935 kwa chama cha Alcoholics Anonymous, na maneno yake humwachia kila mtu amuelewe Mungu kwa namna yake. Waislamu wa Marekani waliona haja ya kuurekebisha, na mwaka 1989 huko Baltimore wakaanzisha Millati Islami, wenye hatua zilizojengwa juu ya tawhidi. Tunavyoona ni kuwa Muislamu anaweza kukaa katika kikao cha kusaidiana kuacha pombe, maadamu hakuna ibada isiyokuwa ya Kiislamu. Linapotajwa jina la Mungu yeye amkusudie Allaah, na vikao visimpite juu ya wakati wa swala.

Wiki nne

*Wiki ya kwanza* ni ya mwili. Awe karibu na watu usiku na mchana. Mtangulizi wake ampigie au amtembelee kila siku, hata kwa dakika kumi.

*Wiki ya pili* mwili unatulia na hatari inageuka. Anajiona amepona, anataka kupita maskani "kuwasalimia tu". Asipite. Abadilishe njia ya kurudi nyumbani, na zile saa alizokuwa akinywa azijaze: baina ya Magharibi na Isha akae msikitini, kisha atoke na mwenzake.

*Wiki ya tatu* usingizi bado ni mbovu na moyo mzito. Hii ni kawaida na hupungua taratibu. Akianza kusema kuwa maisha hayana maana, arudishwe kwa daktari bila ya kuchelewa.

*Wiki ya nne* mara nyingi huangukia siku za mshahara. Fedha zishikwe na mke, mama au mtu anayemwamini, kwa ridhaa yake mwenyewe. Anayefanya kazi hotelini karibu na baa aombe kuhamishiwa sehemu nyengine, na jamaa zake wamsaidie kutafuta kazi iliyo mbali na pombe. Kuihudumia nako kumekatazwa.

Hamu ikimjia, huja kama wimbi: hupanda, kisha hushuka. Kazi yake ni kumpigia mtangulizi kabla ya kunywa, wala asingoje baada ya kunywa. Atie udhu, ale kitu, na asikae peke yake mpaka wimbi lipite.

"Swala yangu haikubaliwi siku arobaini, niswali ya nini?"

Maneno haya yamewaangusha wengi katika mwezi huu. Ipo hadithi, ameipokea At-Tirmidhiy na wengine, kuwa anayekunywa pombe swala yake haikubaliwi siku arobaini. Lakini hadithi hiyo hiyo inasema kuwa akitubu, Allaah huipokea tawba yake. Wanazuoni wameeleza kuwa kutokubaliwa ni kukosa thawabu, na faradhi ya swala haimwondokei. Kwa hiyo aliyetubu aswali tangu siku ya kwanza akiwa na akili zake. Kumwambia asubiri arobaini ni kumwondolea nguzo wakati anapoihitaji kuliko siku zote.

Akiteleza

Katika Sahihi Al-Bukhari imo habari ya mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akakataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allaah na Mtume Wake. Na katika riwaya ya Abu Hurayra, aliwakataza kumsaidia shetani dhidi ya ndugu yao.

Basi wazee, wake na ndugu, msimwite mlevi mbele ya watoto wala msimkumbushe alivyouza godoro la nyumba. Akiteleza, mtangulizi wake aitwe siku hiyo hiyo, wakae waangalie alipita wapi na nani, kisha aanze upya. Hatuhalalishi kosa, lakini aliyefukuzwa nyumbani atakwenda kwa waliobaki kumpokea, na hao wako kwenye kijiwe. Ila akiwa anapiga watu au anatishia, usalama wa mke na watoto hutangulizwa, na sheha na wazee wahusishwe.

Nasi sote tuna wajibu. Katika kila mtaa wapo waliotubu zamani, ambao leo wanaswali safu ya mbele na hakuna anayekumbuka yaliyopita. Tunawaomba waende kwa imamu, wamnong'oneze: "Akitokea mwenye mtihani ule, niite mimi."

Tunamuomba Allaah awathibitishe waliotubu, awafungulie walio njiani, na azihifadhi nyumba zetu.

Na Allaah ndiye Mjuzi zaidi.