Mteremko Kama Kipimo: Ufikivu na Matumizi ya Ardhi Mjini Rusizi

Mwaka 1959 Walter Hansen alichapisha makala kuhusu namna ufikivu unavyoumba matumizi ya ardhi. Alichukua data za eneo la Washington na kudai kwamba ufikivu wa mahali ni wingi wa fursa zilizopo pande zote, kila moja ikipunguzwa kadiri safari ya kuifikia inavyokuwa ngumu. Kanuni hiyo ikipelekwa Rusizi, mji wa Rwanda uliojulikana kama Cyangugu kabla ya mageuzi ya utawala ya 2006, haivunjiki. Kinachohitaji kubadilishwa ni kipimo cha ugumu. Kamembe, yenye soko na kituo cha mabasi, imekaa juu kilimani. Cyangugu ya zamani iko chini, ufukweni mwa Ziwa Kivu, jirani na daraja la kuvukia mpaka kwenda Bukavu, Kongo. Ziwa liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa ndege wa Kamembe umelipita kwa zaidi ya mita 100. Ramani bapa huonyesha umbali mmoja, lakini kwa mama aliyejitwika kapu, kushuka na kupanda ni safari mbili zisizolingana.

Ndiyo maana nashikilia kwamba katika mji huu, uliotajwa mwaka 2013 miongoni mwa miji sita ya kupunguzia Kigali mzigo, kugawa ardhi ni kupanga usafiri. Basi halishuki kila kichochoro. Hushika barabara kuu, na nyumba inayoruhusiwa mbali nayo humwachia mkaaji gharama ambayo haimo katika bei ya kiwanja. Wapo watakaosema pikipiki zimekwisha kuziba pengo hilo. Zimeliziba, ila kwa nauli ya abiria mmoja mmoja, na anayebeba mazao ya kuuza hulinganisha nauli hiyo na faida ya siku nzima. Mahali panapofikika kwa mwenye fedha pekee hapastahili kuhesabiwa sawa na panapofikika kwa wote.

Pingamizi zito zaidi linahusu Bukavu. Mji huo ni mkubwa kuliko Rusizi kwa mbali, na mpangaji mwangalifu atauliza kwa nini tuhesabu fursa ambazo lango la mpaka linaweza kuzifunga, kama lilivyofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Lakini kuziacha nje ni kuifanya ardhi ya ufukweni ionekane haina maana, ilhali biashara ya kuvuka mpaka yaonyesha vingine. Afadhali ufikivu ukokotolewe mara mbili, lango likiwa wazi na likiwa limefungwa. Panapong'ara lango likiwa wazi tu panafaa maghala na vibanda. Shule na zahanati zikae pale ambapo hesabu zote mbili zinakubaliana. Hospitali ya Gihundwe, upande wa Kamembe, haitegemei lango. Inategemea kilima, na kwa mjamzito anayepandishwa usiku kutoka ufukweni, hesabu ya tatu bado haijafanywa.