Una Malaria na Taifodi

Kila Mkenya aliyewahi kuamka na homa analijua jibu hata kabla hajatolewa damu: una malaria na taifodi. Zote mbili, pamoja, kama chai na mandazi. Tunacheka, tunanunua dawa, tunarudi nyumbani. Lakini kule milima ya Gusii, kutoka Keroka hadi Ogembo, Nyamira hadi Marani, hilo jibu lina historia yake, na ukiisoma vizuri kicheko kinapungua.

Tuanze na milima yenyewe. Mji wa Kisii uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Nyamira iko juu zaidi. Kwenye baridi hiyo kimelea cha malaria hukomaa polepole ndani ya mbu, na mara nyingi mbu hufa kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Kwa hivyo malaria ya huko si kama ya Bondo, ambako mbu wanauma mwaka mzima na mtu akifika utu uzima mwili umeshajifunza kupigana. Milimani inakuja kwa mlipuko, mara nyingi baada ya mvua za masika, na inakuta watu wasio na kinga. Mtoto, mama na guka wanalala siku moja.

Kwa miaka mingi milima ilikuwa imetulia. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 malaria ikarudi, na miaka ya 1990 ikawa mibaya. Klorokwini ilikuwa imechoka, haiui tena vimelea kama zamani. Mwaka wa 1998 serikali ikaiweka kando, ikachukua SP, ile wengi tuliizoea kwa jina la Fansidar. Mwaka uliofuata, 1999, mlipuko ukapiga Kisii na Gucha, na kule Gucha Médecins Sans Frontières wakaingia kusaidia.

Sasa jiweke kwenye labu ya kituo cha afya mwezi kama huo. Hadubini moja, mtu mmoja, na foleni imetoka nje ya mlango hadi kwenye nyasi. Kazi yako ukiisikia ni rahisi: toboa kidole, paka tone la damu kwenye slaidi, liache likauke, weka rangi ya Giemsa, osha, kausha, angalia. Jibu unaliandika kwenye kijitabu cha mgonjwa, kile cha mazoezi alichonunua getini. “MPs seen”, yaani vimelea vimeonekana. (Wale MPs wengine huonekana wakati wa kura tu.)

Shida iko kwenye vitu vidogo. Maji ya kuchanganyia rangi yanafaa yawe na pH ya karibu 7.2, yakikosea, kimelea hakishiki rangi inavyotakiwa. Rangi isipochujwa inaacha vijichembe vyeusi ambavyo, kwa jicho lililochoka saa tisa mchana, vinafanana kabisa na vimelea. Slaidi iliyooshwa na kutumiwa tena ina mikwaruzo, na mkwaruzo ukishika rangi nao unakudanganya. Halafu kuna muda. Kabla ya kuandika kwamba damu haina kitu unatakiwa kupitia angalau sehemu 100 za slaidi chini ya lenzi ya mafuta. Tuseme kila slaidi inakula dakika sita. Wagonjwa 100 ni saa kumi bila kunywa chai wala kwenda choo. Hakuna anayefanya hivyo. Unaangalia sehemu kumi, ukiona kidoti unaandika moja plasi, unaita anayefuata.

Matokeo ya kazi ya namna hii yalikuja kupimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 ulichukua slaidi za wagonjwa wa miaka mitano na zaidi kwenye vituo vya serikali katika sehemu nne za nchi, Bondo, Kisii, Kwale na Makueni, na kuzisoma upya kwa wataalamu. Kati ya wagonjwa waliokuwa na malaria kweli, labu za vituo ziliwatambua karibu asilimia 69. Kati ya wale ambao hawakuwa nayo, ni karibu asilimia 62 tu walioambiwa hivyo. Waliobaki walibandikwa ugonjwa usio wao.

Hebu tupige hesabu ya milimani, wakati usio wa mlipuko. Watu 100 wana homa, na tuseme kumi ndio wenye malaria. Kwa kipimo cha namna hiyo, labu inawapata saba na kuwakosa watatu. Kwenye wale 90 wasio na malaria, inawaambia kama 34 kwamba wanayo. Kwa hivyo watu 41 wanatoka na jibu la malaria, na ni saba tu walio nayo. Mahali malaria ni chache, labu mbovu huumba wagonjwa wengi kuliko inavyowapata.

Kuna tarakimu nyingine kwenye utafiti huo ambayo kwangu ndiyo kiini cha hadithi yote. Kati ya wagonjwa ambao labu ilisema hawana malaria, karibu wanne kwa kila watano walipewa dawa ya malaria hata hivyo.

Usiharakishe kumlaumu daktari, au tabibu, kwa sababu vituoni mara nyingi ni tabibu. Alifundishwa kwamba malaria ikiachwa inaua, na kwa mtoto mdogo mwongozo wa maeneo ya malaria ulimwambia atibu kila homa. Pia alikuwa anaijua labu yake. Sasa mtazame mtu wa labu. Ameona slaidi zake safi zikipuuzwa mwaka baada ya mwaka. Ataangalia sehemu 100 kwa ajili ya nani? Anakata kona, jibu linazidi kuharibika, na tabibu anazidi kuwa na haki ya kutoliamini. Rangi mpya na hadubini mpya hazivunji mzunguko huo. Na mwenye nimonia anarudi kijijini na vidonge vya malaria mfukoni, kifua kikiendelea kujaa.

SP ilipokuwa dawa ya shilingi chache, serikali iliweza kuvumilia upotevu huo. Kisha mwaka wa 2004 Kenya ikatangaza dawa ya mseto, Coartem, iliyoanza kufika vituoni 2006, na hiyo ilikuwa ghali mara nyingi zaidi. Ghafla kila mtu akataka kujua kama jibu la labu ni la kweli. Mimi naona bei ndiyo iliyofanya kazi ambayo huruma haikufanya, lakini haya, ilifanyika. Mwaka huohuo wa 2004 kituo cha kufundisha usomaji wa slaidi kilianzishwa Kisumu: unafika, unapewa slaidi zenye majibu yanayojulikana, unasahihishwa kama mtoto wa shule, unafundishwa, unapimwa tena. Bodi ya wataalamu wa maabara ilikuwa tayari imeundwa kwa sheria ya 1999, mwaka uleule wa Gucha. Mwaka wa 2009, kule Kigali, ukazinduliwa mpango wa kuzipa labu za Afrika nyota, kuanzia sifuri hadi tano, na Kenya ikaingia. Mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani likasema kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na kile kipimo cha haraka cha tone moja kikaanza kuenea.

Nyota hizo hazipatikani kwa mashine. Zinapatikana kwa mambo ya kuchosha: joto la friji liandikwe kila asubuhi, chupa ya rangi iwe na tarehe ya kufunguliwa, slaidi kadhaa zisomwe tena na mtu wa pili bila kuona jibu la kwanza.

Jirani yao Kericho walikuwa na bahati nyingine. Hospitali ya kampuni ya chai, iliyowatibu wachumaji na familia zao, wengi wao watu waliotoka Kisii na Nyamira, ilithibitisha malaria kwa slaidi na kutunza rekodi kuanzia 1965. Wanasayansi wanapobishana kama joto la dunia ndilo lililopandisha malaria milimani, daftari hizo ndizo zinazowekwa mezani. Mgusii aliyeugua kwenye shamba la chai ameingia kwenye historia akiwa na jibu la damu. Nduguye aliyeugua Gucha na kutibiwa kwenye zahanati ya kawaida yumo kwenye daftari pia, chini ya neno lilelile, malaria, bila njia ya kulipima upya, kwa sababu slaidi za zahanati mara nyingi zilioshwa ili zitumike tena.